Nichukue nafasi ya duka kubwa la vichezeo lililofungwa, au nihamie mtandaoni?

"Nina kiduka cha vichezeo na vitu vya watoto karibu na Biashara Street, Nairobi, sasa ni mwaka wa sita. Siendi vibaya. Juzi duka kubwa la vichezeo kwenye jengo moja la maduka lilifungwa, na wakala wa jengo akanipigia kuniuliza kama nitaichukua nafasi hiyo: futi 1,800 za mraba, kodi ya pango shilingi 120 kwa futi kila mwezi, na ada ya huduma shilingi 25 kwa futi. Nina akiba ya 900,000, na Sacco yangu iko tayari kunikopesha 1,500,000 kwa miaka mitatu, riba asilimia 1 kwa mwezi. Kaka yangu anasema nitapoteza kila kitu, kwamba intaneti imeua maduka ya vichezeo dunia nzima, hata Toys R Us ya Marekani ilikufa, na kwamba nifunge hata kiduka nilicho nacho niuze mtandaoni tu. Wakala anataka jibu wiki ijayo. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu nyuma yake naona jasho la miaka sita na majina ya watu watakaokudhamini kwenye Sacco. Nitaanza na jibu, sababu zifuate. Nafasi hiyo usiichukue kwa masharti hayo. Kiduka chako nacho usikifunge. Kaka yako anakupenda na hatari anayoiona ipo kweli, ila lawama yote ameitwika intaneti, na ukiamini hivyo utajikinga upande mmoja huku upande mwingine uko wazi.

Tuanze na hiyo Toys R Us, maana kila mtu huitaja. Charles Lazarus alianza mwaka 1948 mjini Washington akiuza vitanda vya watoto wachanga. Akagundua kuwa mzazi hanunui kitanda mara mbili, lakini kichezeo huvunjika, mtoto hukua, na mzazi hurudi. Mwaka 1957 akafungua duka la vichezeo peke yake, na kutoka hapo yakazaliwa yale maduka makubwa kama maghala, yenye rafu hadi juu darini. Ahadi yake kwa mzazi ilikuwa moja: chochote mtoto anachotaka, kipo hapa, mwaka mzima.

Pigo la kwanza halikutoka mtandaoni. Mwaka 1998 Walmart iliipita Toys R Us kwa mauzo ya vichezeo huko Marekani. Duka linalouza kila kitu lina silaha ambayo duka la vichezeo halina: Desemba linaweza kuuza mwanasesere bila faida yoyote, mradi mama aliyemfuata mwanasesere huyo aondoke na kapu la vyakula na sabuni. Mwenye duka la vichezeo akiuza mwanasesere bila faida, hana kapu la kumfidia.

Kisha mwaka 2005 kampuni tatu za uwekezaji, Bain Capital, KKR na Vornado, ziliinunua kwa takriban dola bilioni 6.6. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kukopa, na deni likabebeshwa duka lenyewe. Tangu hapo ikawa inalipa riba ya karibu dola milioni 400 kila mwaka. Ilipokimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai, Septemba 2017, ilikuwa bado inauza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 11 kwa mwaka. Tafadhali irudie hiyo takwimu. Duka lenye mauzo ya namna hiyo halijakosa wateja. Fedha ambazo zingetengeneza maduka yaliyochakaa, zingeshusha bei na kuboresha tovuti, zilikuwa zinaondoka kila mwezi kwenda kwa wenye deni. Na fununu za kufilisika zilipoenea, wasambazaji wengi wakataka walipwe taslimu kabla ya kushusha mzigo, miezi mitatu tu kabla ya Krismasi. Machi 2018 ikatangaza kufunga maduka yake yote Marekani. Lazarus alifariki wiki moja baada ya tangazo hilo. Watu zaidi ya 30,000 walipoteza kazi.

Lakini sisi wa Nairobi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nakumatt, supamaketi iliyoanzia kwenye magodoro huko Nakuru, ilifikisha matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Wazazi wengi wa mji huu waliwanunulia watoto zawadi za Krismasi humo humo, kwenye rafu zilizokuwa karibu na baiskeli. Unakumbuka 2017 ilivyokuwa: unaingia, taa zinawaka, wahudumu wamesimama, na rafu ni tupu. Wateja hawakuwa wamehamia kwenye simu. Wasambazaji hawakuwa wamelipwa, wakaacha kuleta bidhaa. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe, na supamaketi nyingine, Tuskys, ikapita njia hiyo hiyo. Katika miaka hiyo hiyo Naivas ilikuwa inafungua tawi baada ya tawi hadi ikavuka 100, na Carrefour, iliyofungua duka lake la kwanza Karen mwaka 2016, ikaendelea kuchukua nafasi zilizoachwa wazi.

Je, basi intaneti haina hatia? Inayo, na nisingependa uondoke hapa ukidhani hofu ya kaka yako ni ya bure. Viatu mtu huvijaribu, nguo huishika kitambaa. Gari la kuchezea lililo ndani ya boksi ni lile lile popote lilipo, kwa hiyo mzazi anaweza kusimama mbele ya rafu yako, akapiga picha boksi, na kabla hajafika mlangoni ameshajua nani anauza kwa shilingi 300 chini. Tena hakuna rafu itakayoshindana na simu kwa wingi wa vitu. Hivyo duka lililojengwa juu ya ahadi ya "kila kitu kipo hapa" limenyang'anywa ahadi yake, na hicho ndicho kilichoyafika maduka makubwa ya vichezeo. Intaneti iliwapunguzia faida kwa kila kichezeo. Wasio na deni na wenye pango la kadiri waliweza kuishi na faida hiyo ndogo. Wenye deni na majengo makubwa hawakuweza.

Sasa tuje kwako, kwenye hesabu, maana hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Umeniambia kodi ya pango ni shilingi 120 kwa futi. Futi 1,800 ni shilingi 216,000. Ada ya huduma ni 45,000. Jumla 261,000. Pango la biashara hutozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, na mawakala wengi hutaja bei bila kuisema. Ukiiongeza unapata 302,760 kila mwezi. Majengo mengi ya maduka hudai amana ya miezi mitatu pamoja na malipo ya miezi mitatu mbele. Amana ya kodi peke yake ni 648,000. Miezi mitatu ya mbele ni 908,280. Siku utakayopewa ufunguo utakuwa umeshatoa 1,556,280, na katika zile 2,400,000 zako zitabaki 843,720. Bado hujalipa wakili, hujanunua rafu, hujaweka taa, hujaandika jina mlangoni. Kitakachosalia ndicho kitakachojaza futi 1,800 kwa bidhaa. Hakitajaza. Na duka kubwa lenye rafu nusu tupu humfukuza mteja kuliko kiduka kilichojaa, kama tulivyoona 2017.

Tuseme umefungua hata hivyo. Wahudumu wawili kwa 25,000 kila mmoja, stima na ulinzi 20,000, na Sacco karibu 50,000 kwa mwezi. Pamoja na pango ni kama 422,760. Ukinunua kitu kwa 100 na kukiuza kwa 150, theluthi moja ya mauzo ndiyo inayokubakia. Kwa hiyo unahitaji kuuza takriban 1,268,000 kila mwezi ili urudi sifuri, wewe mwenyewe ukiwa hujala. Ni kama 42,000 kwa siku. Kwa kichezeo cha wastani cha shilingi 800, ni vichezeo 53 kila siku ya Mungu, Jumanne za Februari zikiwemo, wakati wazazi wametoka kulipa karo na sare na hakuna anayetaka kusikia neno kichezeo. Kwa mauzo ya kiasi hicho ungelazimika pia kujisajili kwa VAT. Ungeweza kudai ile ya pango, lakini ungetoza yako kwenye kila unachouza, na nilipopiga hesabu kwa njia hiyo mzigo haukupungua.

Hapo kwenye Februari ndipo penye siri ya biashara yetu. Vichezeo ni biashara ya msimu. Wewe unajua kuliko mimi: likizo ya Desemba inauza kama miezi mingine minne, kisha kunatulia. Kodi ya pango haijui msimu. Riba haijui msimu. Ndiyo maana napenda kuwaambia wenye maduka wahesabu siku ambazo fedha zao zinalala rafuni. Chukua bidhaa za shilingi 500,000. Ukiziuza zote na kununua tena mara nne kwa mwaka, kwa ongezeko lile la 50 juu ya 100, unapata faida ya 1,000,000 kabla ya gharama. Ukizizungusha mara mbili, 500,000. Mtaji ni ule ule, bei ni zile zile. Duka kubwa hukulazimisha ununue vitu vya kujaza ukuta, si vitu vinavyotoka, na mzunguko hupungua siku hiyo hiyo. Mama mmoja niliyewahi kumsaidia kuhesabu bidhaa alikuta robo tatu ya fedha zake zimo kwenye vitu ambavyo havikuwa vimeguswa tangu Krismasi ya mwaka wa nyuma. Alilia. Alikuwa akidhani tatizo ni wachuuzi wa kwenye foleni za magari.

Sasa shauri la pili la kaka yako, kufunga na kuuza mtandaoni tu. Linaonekana rahisi kwa kuwa linafuta pango, lakini halifuti gharama, linazihamisha. Kichezeo cha shilingi 800 kikibebwa na bodaboda kwa 250 hadi mtaani, nani analipa? Mteja akilipa, kimekuwa cha 1,050. Ukilipa wewe, faida yako ya 266 karibu yote imekwisha. Kuna wanaotaka kulipa wakipokea, halafu mwendeshaji akifika hawashiki simu. Matangazo nayo hulipiwa. Na kuna jambo wauzaji wa mtandaoni wa Nairobi hulijua vizuri: ukiweka picha, swali la kwanza huwa "bei?", na la pili huwa "duka liko wapi?" Watu wameshalizwa na kurasa zisizo na mwenyewe, wakatuma fedha kwa M-Pesa na kisha wakazuiwa. Ukijibu kwamba upo karibu na Biashara Street, jengo fulani, orofa fulani, mlango fulani, umeshajipatia imani ambayo mshindani wako ananunua kwa matangazo. Kiduka chako ndicho kinachoupa mtandao wako nguvu.

Nikueleze pia kisa kimoja cha Toys R Us ambacho hakisimuliwi sana. Mwaka 2000 ilikubaliana na Amazon kwa miaka kumi: Amazon iendeshe duka lake la mtandaoni, nayo iwe ndiyo muuzaji wa vichezeo humo. Amazon ikaendelea kuwaruhusu wengine wauze vichezeo. Toys R Us ikaenda mahakamani mwaka 2004, mkataba ukavunjwa 2006, na mwaka 2009 Amazon ikalipa dola milioni 51 kumaliza kesi. Dola hizo hazikurudisha miaka ambayo wateja walijifunza kuwa vichezeo hununuliwa Amazon. Ukiuza kupitia masoko ya mtandaoni kama Jumia au Kilimall, au ukitegemea ukurasa wa Instagram au TikTok, utumie kwa kutafuta wateja wapya, lakini usiache mteja abaki kuwa wa mtandao huo. Mwombe namba yake, kwa ridhaa yake kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na umri wa mtoto wake. Ukijua kuwa mtoto wa mama fulani anatimiza miaka minne mwezi wa Mei, una kitu ambacho duka la futi 1,800 halina.

Angalia waliopona. Hamleys ya London ipo tangu 1760. FAO Schwarz ya New York, iliyoanzishwa 1862, ilifunga duka lake maarufu mwaka 2015 ikarudi mwaka 2018 mahali pengine mjini humo. Smyths ya Ireland ilichukua maduka ya Toys R Us huko Ujerumani, Austria na Uswisi mwaka huo huo wa 2018. Wanatofautiana sana, lakini ukiingia kwa Hamleys utakuta mhudumu anarusha ndege ya kuchezea na watoto wamemzunguka. Mtoto hawezi kuigusa simu akajua kitu kinavyolia, kinavyoruka, kina uzito gani. Huhitaji futi 1,800 kwa hilo. Meza moja yenye vichezeo vilivyofunguliwa inatosha.

Na kuna maarifa ya kuuza ambayo picha haitoi. Mzazi wa mtoto wa miezi kumi na minane hajui kwamba kipande kidogo kinachong'oka kinaweza kumkaba. Wengi hawajui kwamba zile betri ndogo za duara, kama kitufe, zikimezwa zinaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili. Wewe unaweza kumfungulia boksi, ukamwonyesha kama mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, ukamwonyesha alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ukamkatalia kumuuzia kitu kisichomfaa mtoto wake. Naliamini hili kwa moyo wote: mama uliyemkatalia mara moja kwa ajili ya usalama wa mtoto wake atarudi kwako miaka yote.

Njia ninayoiona, basi, ni hii. Kaa ulipo. Usiuguse mkopo wa 1,500,000. Kama unataka kukua, tumia sehemu ya akiba, nisingependa ivuke 300,000, kuongeza vitu vya aina moja ambavyo supamaketi haijali na soko la Kamukunji halina subira navyo. Mimi ningeangalia vifaa vya kujifunzia. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza mwaka 2019, walimu wa chekechea na wa darasa za chini wanatafuta vibao vya mbao, herufi za kupanga, picha za kuunganisha vipande, na shule hununua Januari, Mei na Agosti, miezi ambayo Krismasi haikusaidii. Shule moja ikinunua seti kumi, umelipa pango la mwezi bila kusubiri msimu. Wapo na mafundi wa mbao hapa hapa mjini wanaoweza kukutengenezea, na kitu ambacho kimetengenezwa kwa oda yako hakuna atakayekipiga picha na kukipata kwa bei ya chini kwingine.

Kaka yako atasema watoto wa siku hizi wanataka tableti. Ni kweli kwa wengine. Ni kweli pia kwamba familia zinapungua: utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 3.4 kwa mama Kenya, kutoka 6.7 mwaka 1989. Lakini mzazi mwenye watoto wawili humnunulia kila mmoja zaidi ya alivyonunuliwa yeye, ambaye huenda alikua na gari la waya na mpira wa juala.

Kama baada ya haya yote moyo wako bado uko kwenye nafasi ile, rudi kwa wakala na hoja mbili. Uliza kama wanaweza kuigawa, wakupe futi 300 au 400. Uliza kama utaanza na kibanda cha Novemba na Desemba peke yake. Nafasi iliyo wazi haimwingizii mwenye jengo chochote, na wengi hukubali. Akikuambia kuna mtu mwingine anaisubiri, mwache aichukue.

Kuna mambo ambayo siwezi kukufanyia nikiwa mbali. Usitie sahihi hata barua ya awali ya ofa kabla wakili hajaisoma, kwa sababu inaweza kukufunga. Mwulize hasa kuhusu muda wa mkataba. Sura ya 301 ya sheria za Kenya humlinda mpangaji wa duka mwenye mkataba usiozidi miaka mitano asipandishiwe kodi wala kufukuzwa bila notisi rasmi, na ndiyo sababu majengo mengi huandika miaka mitano na miezi mitatu. Mwulize pia ni nani atakayelipa ukiondoka mapema. Kisha nenda kwa mhasibu na rekodi zako za M-Pesa za miezi kumi na miwili, akuangalizie ushuru na eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Na kama kuna deni la msambazaji ambalo hukulitaja kwenye swali lako, nenda wiki hii, kabla ya jambo lingine lolote. Wanaokwenda mapema hupewa muda wa kulipa.

Kabla hujampigia wakala, fanya kazi moja Jumapili hii kiduka kikiwa kimefungwa. Chukua daftari, uandike kila kitu kilichokaa rafuni tangu Desemba na bei uliyokinunulia, kisha ujumlishe. Hiyo jumla mwonyeshe mhasibu, na kaka yako pia.